Beri za goji: madai yalitoka wapi na ushahidi unaishia wapi

Goji ni beri ndogo nyekundu ya mmea uitwao Lycium barbarum, ulio wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na pilipili. Huuzwa zaidi ikiwa imekaushwa, lakini pia kama juisi, unga na vidonge, na popote inapouzwa madai huifuata: hulinda macho, hupandisha kinga ya mwili, huzuia saratani, hushusha sukari, huleta usingizi mzuri, hurefusha maisha. Imo kwenye kila orodha ya vyakula vinavyoitwa supafudi, jina ambalo halina maana yoyote maalumu katika sayansi ya lishe.

Nimeyafuata madai hayo moja moja hadi kwenye tafiti zinazotajwa kuwa chanzo chake. Machache ni uongo mtupu. Mengi ni ukweli uliohamishwa. Jambo lilionekana mahali fulani, ndani ya chupa ya maabara, au kwa panya, au kwa wagonjwa wachache waliopewa kemikali iliyokamuliwa kwenye beri pamoja na matibabu makali ya hospitali. Kisha likabebwa na kutuliwa mezani kwa mtu mzima mwenye afya anayekula konzi ya goji asubuhi. Njiani kuna vitu vilidondoka, na ni hivyo vilivyodondoka ninavyotaka kuviokota hapa.

Hadithi zinazoambatana na beri hii zinahitaji maneno machache tu. Goji nyingi inayouzwa duniani haichumwi porini kwenye miteremko ya Himalaya. Hulimwa China, na eneo linalosifika zaidi ni Ningxia, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Yupo pia mzee Li Ching-Yuen, Mchina aliyefariki mwaka 1933, ambaye inasemekana alikula goji na mitishamba mingine na kuishi miaka 256. Hakuna hati inayothibitisha umri huo. Binadamu aliyeishi muda mrefu zaidi kwa ushahidi wa nyaraka ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Jambo moja katika hadithi hizo ni la kweli na linastahili heshima: waganga wa jadi wa China wameitumia goji kwa karne nyingi, hasa kwa macho, ini na figo. Matumizi ya muda mrefu namna hiyo ni sababu nzuri ya mtafiti kuanza kuuliza maswali. Yanatuambia pia kwamba beri hii, kwa kiasi cha chakula, haidhuru watu wengi papo hapo. Lakini hayawezi kutuambia kama inachelewesha ugonjwa unaojengeka polepole kwa miaka 20, kwa sababu mganga anayemwona mgonjwa mmoja mmoja hana wa kumlinganisha naye.

Kati ya madai yote, rahisi kulipima ni la vitamini C. Limerudiwa mara nyingi kwamba goji ina vitamini C mara 500 kuliko chungwa kwa uzito uleule. Hapa hatuhitaji maabara, hesabu inatosha. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 53 za vitamini C. Zidisha kwa 500 unapata miligramu 26,500, yaani gramu 26 na nusu. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya robo ya uzito wa kila beri ingekuwa vitamini C tupu. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaipa goji iliyokaushwa takriban miligramu 48 kwa gramu 100, chini kidogo ya chungwa. Na hata ulinganisho huo unaipendelea goji, kwa kuwa tunda lililokaushwa limeshapoteza maji na kila kilichobaki kimejikusanya. Mtu hali gramu 100 za goji kavu kwa mkao mmoja. Akila gramu 28, kiasi kinachotumika mara nyingi katika tafiti, anapata kama miligramu 14 za vitamini C, pamoja na takriban gramu 13 za sukari.

Jedwali hilohilo linaonyesha pia mema ya beri hii, na ni haki kuyasema. Kwa gramu 100 ina takriban gramu 14 za protini, gramu 13 za nyuzinyuzi na miligramu 7 za madini ya chuma, na ina karotenoidi kwa wingi, zile rangi za njano na nyekundu ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Ni tunda kavu zuri. Kama lingeuzwa kwa maneno hayo, makala hii isingekuwa na kazi.

Sasa tuje kwenye neno linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote: antioksidanti. Seli zetu zinapotumia oksijeni kuzalisha nishati, huzalisha pia molekuli zenye njaa ya elektroni, zinazoitwa radikali huru. Molekuli hizi zikizidi zinaweza kuharibu mafuta, protini na hata vinasaba ndani ya seli. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kuzituliza. Kutokana na hapo ukajengwa mnyororo unaovutia: uharibifu huo unahusishwa na uzee, saratani na magonjwa ya moyo, beri ina antioksidanti nyingi, basi beri inazuia uzee, saratani na magonjwa ya moyo. Kila pete ya mnyororo huo ikitazamwa peke yake ina ukweli fulani. Zikiunganishwa, mnyororo unakatika.

Unakatikia kwanza kwenye kipimo chenyewe. Alama kubwa za antioksidanti zilizochapishwa kwenye pakiti za goji na beri nyingine zilitokana mara nyingi na kipimo kiitwacho ORAC. Mtafiti huchukua maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tunda, anayachanganya na rangi inayong'aa, anaongeza kemikali inayozalisha radikali huru, kisha anapima ni kwa muda gani tunda limeizuia rangi ile isififie. Ni kipimo halali cha kinachotokea ndani ya kichupa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha majedwali ya ORAC ya mamia ya vyakula, na mwaka 2012 ikayaondoa kwenye tovuti yake. Ilieleza kwamba namba hizo hazina uhusiano na athari za kemikali hizo kwa afya ya binadamu, na kwamba watengenezaji wa vyakula na virutubisho walikuwa wakizitumia vibaya kuwashawishi wanunuzi. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu wenye jedwali walikane, na bado namba zake hazijatoweka kwenye matangazo.

Kwa nini kilichotokea kwenye kichupa kisitokee mwilini? Sehemu kubwa ya kemikali hizo hazifyonzwi vizuri na utumbo. Zinazofyonzwa hukutana na ini, ambalo huzibadilisha haraka na kuzipeleka kwenye mkojo, na zinazobaki kwenye damu ni chache mno zikilinganishwa na antioksidanti ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Mwaka 2006, Silvina Lotito na Balz Frei wa Chuo Kikuu cha Oregon State walipitia tafiti zilizoonyesha kwamba uwezo wa damu wa kupambana na oksidisho, yaani uharibifu wa radikali huru, hupanda mtu anapokula matunda yenye flavonoidi, kundi la kemikali za mimea. Upandaji ule ulikuwa wa kweli. Lakini walipoutafutia chanzo waliona kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na asidi ya yuriki, ambayo ni antioksidanti ya mwili wenyewe, na asidi hiyo ilikuwa imepanda kwa sababu ya sukari ya fruktosi iliyomo ndani ya matunda. Kwa maneno mengine, kipimo kilichokuwa kikisifiwa kama kazi ya kemikali adimu za matunda kilikuwa kikipandishwa kwa kiasi kikubwa na sukari. Matokeo haya yalistahili kusomwa na kila anayeandika neno antioksidanti kwenye pakiti.

Mnyororo unakatika pia mahali pa pili. Radikali huru si maadui tu. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria, na misuli huzitumia kama ishara inapozoea mazoezi. Kuzituliza zote si lengo la mwili wenye afya. Na pale antioksidanti zilipojaribiwa kwa kiwango kikubwa na kwa umakini, matokeo yaliwashtua watafiti. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walihusishwa katika jaribio la vidonge vya beta-karotini, mojawapo ya zile karotenoidi, na vitamini E lililotangazwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Nchini Marekani jaribio jingine, lililowahusu wavutaji sigara na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, lilisimamishwa kabla ya wakati mapema mwaka 1996, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliokuwa wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A.

Hapa nawaomba wanaopinga supafudi wawe waangalifu kama wanavyowataka wauzaji wawe. Majaribio yale yalihusu vidonge vya dozi kubwa, kwa watu waliokwisha kuwa hatarini. Kuyatumia kusema kwamba konzi ya beri kavu inaleta saratani ni kuuhamisha ukweli vilevile, safari hii kuelekea upande wa pili. Yanachotufundisha ni kimoja: hoja ya kwamba kitu ni antioksidanti, kwa hiyo kinakinga magonjwa, ilipimwa kwa maelfu ya watu na haikusimama. Anayetaka kusema goji inakinga ugonjwa inabidi alete ushahidi wa goji na ugonjwa wenyewe.

Je, upo? Tuanze na utafiti unaotajwa mno na wauzaji wa juisi. Ulichapishwa mwaka 2008. Watu wazima wenye afya walipewa mililita 120 za juisi ya goji kila siku, au kinywaji bandia chenye mwonekano na ladha ya kufanana nayo, kwa siku 14. Si washiriki wala watafiti waliojua nani anakunywa nini. Mwishoni, wale wa juisi walieleza kwenye dodoso kwamba wana nguvu zaidi, wanalala vizuri zaidi, akili imetulia na tumbo linafanya kazi vizuri. Kwa maelezo hayo mtu angeona jambo limekwisha.

Tazama kwa karibu. Waliokunywa juisi walikuwa 16 na wa kinywaji bandia 18. Mwandishi mkuu alikuwa mtafiti wa kampuni iliyoiuza juisi hiyo. Hilo peke yake halibatilishi kitu, lakini linampa msomaji sababu ya kusoma taratibu. Kasoro kubwa zaidi iko kwenye hesabu. Watafiti waliuliza maswali mengi sana, kisha wakalinganisha kila kundi na lenyewe: siku ya kwanza na siku ya 15. Kundi la juisi lilionyesha mabadiliko kwenye mambo mengi, kundi la kinywaji bandia kwenye mawili tu, na tofauti hiyo ndiyo iliyosomwa kama ushindi. Ila swali la jaribio la namna hii halikuwa kama watu wa juisi wamebadilika. Lilikuwa kama wamebadilika zaidi ya wale wengine, na swali hilo hujibiwa kwa kuyalinganisha makundi mawili moja kwa moja. Kundi moja linaweza kuvuka mstari wa takwimu unaotenganisha mabadiliko na bahati tu kwa nywele moja na jingine likaukosa kwa nywele moja, na kati yao kusiwe na tofauti ya maana. Ukiongeza wingi wa maswali, bahati nasibu inapewa nafasi nyingi za kutoa jibu linalopendeza. Wiki mbili, watu 34, hisia za kujieleza wenyewe: huo ni mwanzo wa kuuliza, na wauzaji waliufanya jibu.

Dai la saratani linanikera zaidi, kwa kuwa anayelisikiliza mara nyingi ni mtu aliye kwenye hofu kubwa. Chanzo chake kikuu kwa upande wa binadamu ni utafiti wa China wa mwaka 1994. Wagonjwa 75 wa saratani zilizokwisha kuenea walitathminiwa. Wote walikuwa wakipata matibabu ya kinga, yaani chembe za damu zilizoamshwa maabara pamoja na protini iitwayo interlukini-2, na baadhi yao waliongezewa polisakaridi, yaani sukari zenye minyororo mirefu, zilizotengwa kutoka kwenye goji. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 40.9 ya walioongezewa, dhidi ya asilimia 16.1 ya wasioongezewa. Ni matokeo ya kuvutia, na mtafiti yeyote angetamani kuona yakirudiwa kwa wagonjwa wengi zaidi na kwa mbinu za leo. Ila hebu tuorodheshe kilichodondoka kati ya hospitali ile na pakiti. Wagonjwa hawakula beri wala kunywa juisi. Walipewa polisakaridi zilizotengwa. Hawakupewa peke yake. Walipewa juu ya matibabu mengine. Walikuwa tayari wagonjwa, kwa hiyo utafiti haukuuliza lolote kuhusu kuzuia saratani kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia barua za onyo baadhi ya wasambazaji wa juisi ya goji kwa kudai kwamba inatibu au kuzuia magonjwa. Ushahidi uliobaki ni tafiti za seli kwenye sahani za maabara, na seli za saratani kwenye sahani hufa kwa vitu vingi sana, pamoja na vitu ambavyo hakuna atakayempa mgonjwa.

Macho ni habari nyingine, na ndipo ningemshauri msomaji atulie, kwa sababu hapa goji ina kesi ya kweli.

Katikati ya retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, kuna eneo dogo liitwalo makula. Ndilo linalotuwezesha kusoma, kutambua nyuso na kutunga uzi kwenye sindano. Eneo hilo limefunikwa na rangi ya njano iliyotengenezwa na karotenoidi mbili hasa, luteini na zeaksanthini. Mwili hauwezi kujitengenezea hizo mbili. Lazima zitoke kwenye chakula. Rangi ile hunyonya mwanga wa bluu kabla haujagonga chembe za kuonea, kama miwani ya jua iliyopakwa ndani ya jicho. Kwa wazee wengi makula huchakaa, na uchakavu huo ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kupoteza uoni uzeeni.

Goji ni kati ya vyakula vyenye zeaksanthini nyingi kuliko vyote tunavyovijua. Hapo hatuhamishi kitu, ni kipimo cha beri yenyewe. Hatua inayofuata ni damu. Mwaka 2005 watafiti wa Hong Kong walitoa matokeo ya watu waliokula gramu 15 za goji kila siku kwa siku 28: zeaksanthini kwenye damu yao ilipanda mara mbili na nusu. Beri, si dondoo. Watu, si panya. Kundi hilohilo lilionyesha baadaye kwamba zeaksanthini ilifyonzwa mara tatu zaidi beri iliposagwa kwenye maziwa ya moto kuliko kwenye maji ya moto, jambo ambalo halionekani kwenye matangazo ingawa lina faida kwa mlaji.

Kutoka kwenye damu twende kwenye jicho. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wazee 150 wenye umri wa miaka 65 hadi 70. Nusu yao walikunywa kila siku, kwa siku 90, kinywaji cha goji iliyochanganywa na maziwa, na wengine kinywaji bandia. Kwa wasiopewa goji, makula ilionyesha kupauka kidogo na kuongezeka kwa vijidoa vya mafuta ambavyo huwa dalili za awali za uchakavu. Kwa waliopewa, hali ilibaki ilivyokuwa. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwachukua watu 27 wenye afya, wa miaka 45 hadi 65. Kumi na watatu walikula gramu 28 za goji mara tano kwa wiki kwa siku 90, na 14 walimeza kidonge cha luteini na zeaksanthini. Rangi ya makula iliongezeka kwa waliokula goji, na haikuongezeka kwa waliomeza kidonge.

Hizi ni ngazi tatu zilizopandwa kwa miguu ya kweli: beri, damu, jicho. Ngazi ya nne ndiyo pakiti inayoidai, kwamba goji inazuia upofu, na ngazi hiyo haijapandwa. Kuongezeka kwa rangi si sawa na kubaki na uoni. Inaaminika kuwa rangi nyingi ni kinga, kwa sababu za kisayansi zinazoeleweka, lakini kuaminika huko kulishapimwa kwa njia nyingine na jibu lake likawa la tahadhari. Katika jaribio kubwa la Marekani liitwalo AREDS2, lililotangazwa mwaka 2013, watu zaidi ya 4,000 waliokuwa hatarini kupata uchakavu mkali wa makula walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Wote walitumia mchanganyiko wa vitamini na madini uliokwisha kuonyesha faida. Baadhi waliongezewa miligramu 10 za luteini na miligramu 2 za zeaksanthini. Kwa swali kuu lililopangwa tangu mwanzo, nyongeza hiyo haikupunguza hatari ya ugonjwa kuwa mkali. Uchambuzi wa ziada ulionyesha dalili za faida, hasa kwa waliokula karotenoidi hizo kidogo mno kwenye chakula chao, na ulitosha kuwafanya wataalamu waweke luteini na zeaksanthini mahali pa beta-karotini, ambayo iliongeza saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu macho nasema hivi: mtu mwenye afya anayependa goji ana sababu nzuri ya kuamini kwamba anailisha makula yake kitu inachokitumia. Kitu hichohicho kipo pia kwenye pilipili hoho za rangi ya machungwa, mahindi ya njano na kiini cha yai, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, na luteini imejaa kwenye mboga za majani. Mtu ambaye daktari amekwisha kumwambia makula yake imeanza kuchakaa hana ushahidi wa kubadilisha matibabu yake kwa beri. Jaribio la kumpa jibu lingehitaji mamia ya watu wenye hali kama yake, miaka kadhaa ya kufuatilia, na kipimo cha mwisho kiwe herufi anazoweza kusoma ukutani, si rangi kwenye picha ya retina.

Kuna beri nyingine inayoonyesha jinsi dai linavyokomaa likipewa muda na fedha za utafiti: kranberi, kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 2012 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti zote za swali moja kwa pamoja, ulikusanya tafiti 24 na kuhitimisha kwamba juisi ya kranberi haionyeshi faida ya kutegemewa. Wengi walifunga jalada. Mwaka 2023 uchambuzi huo ulifanywa upya ukiwa na tafiti 50 na watu karibu 8,900, na jibu likabadilika: bidhaa za kranberi zilipunguza hatari kwa takriban robo kwa wanawake wanaopata UTI mara kwa mara, na kwa takriban nusu kwa watoto. Kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia na kwa wajawazito haukuonekana ushahidi wa faida. Na hata penye faida, ilikuwa ya kuzuia, si ya kutibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Dai lenye ushahidi huwa na sura hiyo. Ni jembamba, linataja nani, linataja nini, na lina mipaka. Likiwa pana kiasi cha kumfaa kila mtu kwa kila ugonjwa, uwezekano mkubwa ni kwamba halijapimwa.

Limebaki dai moja ambalo huandikwa kwa ukimya kuliko yote na ambalo laweza kumgharimu mtu uhai: kwamba goji ni ya asili, kwa hiyo haina madhara. Watu wengi huila bila tatizo, ingawa baadhi hupata mzio, hasa wenye mzio wa pichi. Hatari kubwa ni kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwaka 2001 iliripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 61 ambaye damu yake ilikuwa ikidhibitiwa vizuri na dawa hiyo, hadi alipoanza kunywa vikombe vitatu hadi vinne vya chai ya goji kwa siku. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kilipanda hadi 4.1 badala ya kubaki kati ya 2 na 3. Alipoacha chai, kikashuka ndani ya wiki. Mwaka 2012 ikaripotiwa ya mwanamke wa miaka 71 aliyekunywa juisi ya goji kwa siku nne akafika hospitali akitokwa damu puani na kwenye njia ya haja kubwa, INR yake ikiwa imepita 13.

Msomaji makini ataniuliza kwa nini niamini taarifa za mgonjwa mmoja mmoja baada ya kukataa utafiti wa watu 34. Ni swali la haki. Taarifa hizi nazo ni ushahidi dhaifu. Hazina kundi la kulinganisha, na huenda kitu kingine kilichangia. Lakini uzito wa ushahidi tunaoudai hutegemea kosa litagharimu nini. Nikiamini kimakosa kwamba goji inagongana na warfarini, mtu mmoja amekosa chai aliyoipenda. Nikikataa kimakosa, mtu anavuja damu. Anayetumia warfarini asianze goji kwa namna yoyote, iwe chai, juisi au beri kavu, kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia wake. Na aliyekwisha kuianza awaambie ili INR yake ipimwe mapema, bila yeye mwenyewe kugusa dozi ya dawa.